Kinanda Kwenye Balansi ya Dady

Kinanda kilisimama katikati ya magunia ya mawe, kimefunikwa turubai lililojaa mavi ya panya, na kitu cha kwanza alichofanya Mama Laurentine kilikuwa kuziba pua kwa ncha ya kitenge. Cha pili, alilaani. Si kwa sauti, maana alikuwa mtu wa korali, kwaya ya kanisa, lakini alilaani.

Alikuwa ametoka Mutshatsha kwa treni siku mbili nyuma, ametumwa na shapele yao, kanisa dogo la huko. Kazi aliyopewa ilikuwa fupi: asikilize kama sauti bado ipo, aangalie kama kinanda kinaweza kupanda treni bila kufa njiani, na kama mambo hayo mawili ni sawa, akinunue. Korali yao ilikuwa na akina mama kumi na wanane na wanaume wanne, na kwa mwaka mzima walikuwa wameuza makaa na unga wa mihogo kwa ajili hiyo. Jasho lao lote lilikuwa limefungwa kwenye pembe ya kitenge chake. Dola tisini.

Walimtuma yeye kwa sababu hakuna aliyekijua kinanda kile kumzidi. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, masomo ya msingi yamekwisha na ada ya kuendelea haikuonekana, alipewa kazi ya kukipangusa vumbi kila Jumamosi katika kanisa la Kolwezi. Siku moja mpigaji wa kanisa, mzee aliyeitwa Tata Kyungu, alimkuta anabonyeza vidole juu yake kikiwa kimezimwa, anaimba kwa mdomo sauti ambazo kingetoa. Hakumfukuza. Alivuta kiti akamkalisha. Miaka saba alimfundisha, hadi Laurentine alipoolewa na mtu wa reli akahamia Mutshatsha. Sasa Tata Kyungu alikuwa amekwisha kufa, na vijana wa korali ya Kolwezi walitaka kitu chenye taa. Basi Dady, mwenyekiti wa komite ya korali yao, akawapa kinanda kipya cha Kichina kinachojipigia ngoma chenyewe, kinachojipigia tarumbeta, hata makofi kinajipigia. Badala yake akachukua kile cha zamani. Kikaja kuoza hapa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, kwenye depo yake ya kununulia mawe ya shaba na kobalti, chini ya bati lililotoboka.

Bosi alikuwa hajafika. Alikuwepo mlinzi tu, kijana aitwaye Papy, na nje kwenye uzio tayari wachimbaji walikuwa wameanza kupanga foleni na magunia yao, wengine wamekaa juu ya lundo la udongo uliotolewa chini ya sebule ya jirani, maana hapa watu huchimba hadi ndani ya nyumba.

Mama Laurentine alifunua kifuniko. Meno ya kinanda yalikuwa na mafuta. Si mafuta ya mashine: mafuta ya kuku. Mtu alikuwa ameyageuza meza ya kulia. Katikati, kwenye meno meusi, mfupa mdogo wa bawa ulikuwa umenasa, na mende wawili walikuwa wakiushughulikia bila haraka. Chini ya pedali kulikuwa na kopo, na alipoinama kulitazama alijua kwa pua kabla ya macho kwamba mlinzi wa usiku hakuwa anatoka nje kujisaidia.

"Papy, mwanangu," alisema, "nikupe fumbo?"

"Unipe, mama."

"Kiko na meno sitini na zaidi, hakijauma mutu hata siku moya. Lakini batu banakitemea mate."

Papy alifikiri, akasema labda ni nkambo wake, bibi yake wa Sandoa, lakini yule ana meno mawili tu. Mama Laurentine alicheka kidogo, licha ya yote. Alimwomba ndoo ya maji na sabuni, akalitupa kopo nje mwenyewe kwa kulishika na jani, akaanza kupangusa, jino moja baada ya jingine, huku midomo imebanwa. Ilimchukua saa nzima. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijani, kisha kahawia.

Halafu alimsihi Papy awashe jenereta.

Kinanda kile hakiwashwi kama redio. Kina swichi mbili. Ya kwanza unaishikilia huku unahesabu hadi nane, na ndani unasikia magurudumu madogo ya chuma yanaanza kuzunguka, kama familia inayoamka. Ndipo unaigusa ya pili. Kisha unasubiri taa za kioo za ndani, zinazokuza sauti, zipate moto. Mama Laurentine alihesabu, akagusa, akasubiri. Akavuta vile vijiti vya juu, vinavyotia sauti unene, akaweka vidole.

Sauti ilitoka nzito kama bukari, ule ugali unaokorogwa kwenye sufuria kubwa ya msiba. Ilipita kwenye mbao, ikashuka kwenye saruji, ikamfikia kwenye nyayo. Nje wachimbaji waligeuza vichwa. Alipiga beti mbili za wimbo wa kuingia, wa zamani, ambao Tata Kyungu aliupiga polepole kupita mapadri walivyopenda. Meno mawili ya juu kabisa yalikuwa mabubu. Mengine yote yalikuwa hai. Wimbo wote ulikuwa umeshuka kidogo, chini ya pale ulipopaswa kukaa, lakini hilo halikumtisha. Magurudumu ya kinanda hiki hufuata mwendo wa umeme: umeme ukichoka, yanazunguka polepole, na sauti yote inashuka pamoja. Jenereta ya Dady ilikuwa inakohoa. Kosa halikuwa la kinanda.

Alikizima, akakizunguka. Nyuma kulikuwa na kibati cha mtengenezaji, na namba aliweza kuzisoma vizuri: kilo 121. Pedali zinatoka kwa bisibisi. Kiti kinabebwa peke yake. Taa za kioo zitolewe, kila moja ifungwe kwenye nguo yake. Kisilazwe chali, mafuta ya magurudumu yatamwagika. Wanaume sita, au wanne kama ni wachimbaji. Kwenye behewa la mizigo kisimame ukutani, kifungwe kamba. Kinaweza. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu afike.

Ndipo Dady akaingia.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mnene, mwenye viatu vyeupe ambavyo alivitazama kila baada ya hatua tatu. Mkononi alikuwa na paja la kuku kwenye gazeti. Alimwamkia Mama Laurentine kwa heshima, mama huku, mama kule, huku akitafuna, na kipande cha ngozi kikatoka mdomoni kikatua juu ya meno yaliyokwisha oshwa. Hakukiona. Mama Laurentine alikiona. Alikiondoa kwa kucha ya kidole kidogo, akalipangusa tena jino lile.

Dady alimweleza mambo yalivyo, bila kuficha, kwa sababu hakuona kitu cha kuficha. Kulikuwa na mtu wa hoteli huko Lubumbashi anayependa vitu vya wazungu wa zamani. Kama kinanda kinaimba vizuri, atakichukua kwa dola elfu moja na mia tano akiweke karibu na baa, watu wapige nacho picha. Kama hakiimbi, basi jioni hiyo hiyo vijana watakipasua watoe shaba ya ndani. Yeye alikuwa anamsubiri mtu mwenye masikio amwambie ni kipi kati ya hivyo viwili. Na sasa mtu mwenye masikio amekuja mwenyewe kutoka Mutshatsha, kwa nauli yake. Alicheka, akajipangusa vidole kwenye ubavu wa kinanda.

"Mama, unipigie kidogo nisikie," alisema. "Kama inaishi, inaenda hoteli. Kama ilikufa, inaenda kwa nyundo."

Mama Laurentine alisimama pale na dola zake tisini. Kikiimba, kimekwenda. Kisipoimba, kimekwenda. Alitamani kumwambia kwamba kuna watu ambao hata choo chao ni safi kuliko roho yako, tata. Alikaa kwenye kiti, akashika swichi ya kwanza, akahesabu hadi nane.

Wakati ule ule Dady, ambaye hakuwahi kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, alipaza sauti wasage sampuli ya foleni ya asubuhi, watu wasikae bure. Mashine ya kusagia mawe ilikuwa inakula umeme wa jenereta ile ile. Ikaanza kunguruma. Jenereta ikainama kama mtu aliyetwishwa gunia ghafla, na vidole vya Mama Laurentine vilipogusa meno, kinanda kikatoa sauti iliyoteremka, ikateremka tena, kama mtu anayeporomoka kisimani huku anaita. Aliendelea kupiga. Wimbo ulikuwa unaoza mikononi mwake. Nje mtu alicheka, mwingine akauliza nani anachinja ng'ombe.

Dady alikunja uso. "Mama, njo hivi inalia? Inakufa?"

Neno moja lingetosha: zima mashine. Alilijua neno hilo. Lilikaa juu ya ulimi wake, na alilisikia ladha yake, na akalimeza.

"Weye mwenyewe unasikia," alisema.

Akakizima kinanda. Hakujua kama alichohisi ni hasira au ni haya. Tata Kyungu hakuwahi kuruhusu kinanda kisikike vibaya hata kwenye mazoezi. Yeye alikuwa amekiacha kilie kama mnyama mbele ya foleni nzima ya watu, ili kipate kuishi.

Dady alishusha pumzi, akaita nyundo.

"Ngoja," alisema Mama Laurentine. "Unauzisha shaba, mi ninunue shaba. Ile nyundo utalipa batu ba kupiga. Mi nabeba mzima mzima. Unipimie tu, sawa vile unapimiaka bote."

Dady alimtazama. Alimwuliza mwanamke wa kanisa anataka shaba ya nini. Alimjibu kwamba kila mtu Kolwezi anataka shaba, kwa nini yeye asitake. Jibu hilo Dady alilielewa mara moja, maana ndilo pekee alilolijua maishani. Akaamuru kinanda kipelekwe kwenye balansi, mizani ya kupimia magunia.

Vijana wanne wa foleni walikibeba. Aliyetangulia aliitwa Gael, mchimbaji mrefu, mwenye vumbi hadi kwenye kope, ambaye tangu asubuhi alimwita Mama Laurentine nkambo, kama vile yeye ni bibi yake. Foleni yote ilisogea karibu. Hakuna aliyekuwa na haraka tena. Walikuwa hawajawahi kuona kinanda kwenye balansi, na walikuwa hawajawahi kumwona bosi upande wa muuzaji.

Balansi ilisema kilo tisini na nne.

Mama Laurentine alikumbuka kibati cha nyuma. Mia moja ishirini na moja. Aliangalia balansi, akaangalia uso wa Dady, akaona kitu kinapita humo haraka kama panya kwenye magunia. Dady alijua. Bila shaka alijua, kwani ndiye aliyeifundisha. Balansi yake ilikuwa imezoea kuiba kutoka kwa yule anayeleta, kila siku, kila gunia, na leo aliyeleta alikuwa yeye.

"Nibape fumbo moja, bana bangu," Mama Laurentine aliiambia foleni, kwa sauti ya bibi anayewaita wajukuu. "Iko na sahani moja, haikulaka kitu. Lakini kila chakula kinapita pale kinapunguka."

Kisha mzee mmoja nyuma akasema, taratibu, balansi. Kicheko kilianza kwake kikapanda mbele hadi kwa Gael, na hakikuwa kicheko cha furaha tupu.

Dady alisema labda balansi haikukaa sawa, isogezwe, saruji ina mteremko. Gael alimwuliza kwa adabu kubwa kama basi mawe yao ya wiki nzima nayo yalikuwa kwenye mteremko. Dady akasema hapana, hapana, balansi iko sawa. Aliandika tisini na nne mwenyewe, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye mikunjo ya shingo, likichukua vumbi, likishuka kama tope ndani ya kola.

Basi ikaendelea kama inavyoendelea kwa wote. Kwenye depo ile gunia hukatwa kilo za unyevu, hata kama mawe yamekauka kama mifupa. Mama Laurentine aliuliza, kama mjinga, unyevu wa kinanda je. Foleni ilimsaidia: bati limetoboka, mbao zimelowa, mama wa watu asipakiwe maji. Wakakata kilo kumi na nne, vile vile Gael alivyokatwa jana. Akabaki na themanini.

Halafu ikaletwa metorex, kile chombo chenye umbo la bastola wanachokielekeza kwenye jiwe ili kiseme teneur, yaani shaba ni kiasi gani katika mia. Dady alikishika mwenyewe, akapenyeza ncha ya chombo ndani ya kinanda, akatafuta waya mnene wa shaba tupu. Chombo kiliandika sitini na moja. Waya mwekundu, safi, hakuna kingine ndani yake, na mashine ya Dady ilisema sitini na moja. Hata hiyo ilikuwa imefundishwa. Mtu alipiga mluzi.

"Bosi," Gael alisema, "mi nikileta gunia, unakataaka nichague jiwe ya muzuri. Unachanganya yote. Piga na kwenye mbao."

"Mbao haina kitu."

"Na mawe yangu mingi haikukuwaka na kitu. Ulipiga tu."

Dady alitazama nyuso zile. Zilikuwa nyingi, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha chuma cha kuchimbia mkononi, si kwa vitisho, ni kwamba hakuna aliyekuwa amekiweka chini. Angeweza kusema ukweli: kwamba uzito si ule, unyevu si ule, waya ni shaba mia kwa mia. Maneno matatu. Lakini kila neno lingekuwa na miaka minne ya magunia nyuma yake. Mama Laurentine alimwona anayapima, na akamwona anayameza kama yeye alivyomeza la kwake. Kufanana huko kulimchukiza kuliko mfupa wa kuku.

Walipiga mbao, sifuri. Walipiga miguu ya chuma, sifuri. Walipiga meno, pedali, kitambaa cha spika, na panya mmoja akatoka akakimbia, kijana mmoja akasema apigwe naye. Mwisho wa yote, wastani ulikuwa sita. Kilo themanini, teneur sita. Dady aliweka kwenye kikokotoo chake kwa kidole chenye mafuta, na hesabu ikatoka dola kumi na tatu.

Hakuna aliyecheka sasa. Walikuwa wanaiangalia ile kumi na tatu kama watu wanaoangalia picha yao wenyewe.

"Lipa, mama. Uondoe," Dady alisema.

Mama Laurentine alifungua pembe ya kitenge. Angeweza kuweka kumi na tatu na kuondoka, na akina mama wa Mutshatsha wangepiga vigelegele. Aliweka arobaini. Hakutaka chochote cha mtu huyu kibaki juu yake, hata faida. Na tano tano akawapa Gael na wenzake watatu, wakaanza kutoa pedali, naye akachomoa taa za kioo moja moja na kuzifunga ndani ya leso zake, na ya mwisho ndani ya soksi ya Papy iliyofuliwa kwa sabuni ile iliyobaki.

Dady alipoona arobaini, uso wake ulibadilika. Hakuuliza kwa nini. Alizikunja, akazitia mfukoni, na kufumba na kufumbua akawa mtu mwingine, mfadhili. Alianza kuwaeleza watu kwamba amekitoa kinanda kwa shapele ya maskini, karibu bure, mwenyekiti wa komite hawezi kukataa mambo ya Mungu. Akampa Papy simu yake apige picha, ya kumwonyesha padri. Akasimama kando ya kinanda, akavuta tumbo ndani, akamnyoshea Mama Laurentine mkono, kiganja kiking'aa mafuta.

Kule kwetu, mtu mwenye mkono mchafu hatoi kiganja. Anakunja vidole, anatoa kifundo cha mkono, mwenzake anashika hapo, na hakuna anayekasirika, kwa maana ni heshima. Mama Laurentine alikunja vidole akatoa kifundo.

"Mukono yangu iko muchafu, tata," alisema.

Dady aliutazama mkono ule. Ulikuwa umeosha na kupangusa tangu asubuhi. Ngozi ilikuwa imejikunja kwa maji na kucha zilikuwa nyeupe. Watu wote waliutazama. Tabasamu lake lilibaki mahali pake, lakini halikuwa na kazi tena. Alishika kifundo. Papy akapiga picha.

Walikitoa nje wakiwa wanne, kimesimama wima, wakakiweka kwenye mkokoteni, na Gael akavuta mbele huku wengine wakishikilia ubavuni pale penye mashimo ya barabara. Njiani alimwuliza nkambo wake kwa nini alisema mkono mchafu na wakati mkono ni safi. Alitaka acheke naye. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na wenzake walikuwa wamekwisha kucheka.

Mama Laurentine alitembea kando ya kinanda, mkono mmoja juu ya mbao ili kisitetemeke. Ule mwingine aliutazama hadi stesheni. Hakumjibu, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba alikuwa amemdanganya Dady aliposema ni mchafu.